Vitabu vya mtumba Kisumu na Nakuru: kipi uchukue, kipi ukiache mezani

Kila mara orodha ya vitabu vya kutahiniwa inapobadilishwa, meza za vitabu vya mtumba Kisumu, Nakuru, Kakamega na Kitale hufurika riwaya ambazo hakuna mwanafunzi anayezitaka tena. Kitabu ambacho wazazi walikitafuta mji mzima Januari sasa kiko chini ya rundo, pembe za jalada zimejikunja kama sikio la mbuzi, na bei imeshuka hadi ya chai na mandazi mawili. Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya mfumo wa 8-4-4 umepangwa kufanywa 2027, kwa hivyo marundo hayo bado yatapanda. Kwa msomaji ambaye hana mtihani mbele yake, haya ni mavuno.

Ila vitabu hivi vimetiwa doa na miongozo, vile vijitabu vya uchambuzi wa kujibia mtihani. Mtu akisikia jina la riwaya aliyoisoma kidato cha tatu, anachokumbuka ni swali la alama ishirini, si wahusika. Fungua nakala yoyote iliyopitia shuleni: sura tatu za kwanza zimepakwa kalamu ya rangi mpaka zinang'aa, pembeni kumeandikwa "jazanda", "sadfa", "tabaini", kisha kuanzia sura ya nne karatasi ni nyeupe pe. Hapo ndipo mwenyewe alipohamia kwenye mwongozo. Kwa hivyo hapa vitabu vinahukumiwa kama vitu vya kusomwa na mtu mzima, kwa raha yake au kwa haja yake, na miongozo yote iachwe mezani hata ukipewa bure kama nyongeza.

Kabla ya hadithi, kagua mwili. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kutoa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hivyo kosa la kiwandani huja kwa fungu zima, si kwa ukurasa mmoja. Shika kitabu kwa mkono wa kushoto, pitisha kurasa haraka kwa kidole gumba cha kulia, na usome nambari tu. Zikiruka kutoka 64 hadi 81, fungu zima halipo. Zikifika 80 kisha zikarudi 65, fungu limewekwa mara mbili, na mara nyingi lililorudiwa limechukua nafasi ya jingine lililokosekana mbele. Muuzaji hatakuwa na habari. Ukurasa mmoja mmoja unapokosekana, huwa umechanwa na mtu, na mara nyingi ni wa mwanzo wenye jina la shule au wa mwisho kabisa. Wa mwanzo hauna neno. Wa mwisho, muage muuzaji.

Nakala bandia zimejaa kuliko watu wanavyodhani, na vitabu vya kutahiniwa ndivyo vinavyoigwa zaidi kwa sababu soko lake ni la hakika. Herufi za bandia ni nene na zimevimba kidogo, kama wino ulionywewa na karatasi, kwa kuwa zimepigwa picha kutoka kwenye nakala nyingine. Utaona vidoti vyeusi pembezoni, mistari inayopanda mlima upande mmoja, na nafasi ya ndani iliyobanwa mpaka ulazimike kuuvunja mgongo ndio usome neno la mwisho. Rangi ya jalada huwa imefifia au imeelemea upande mmoja, ngozi za watu pichani zikawa za zambarau. Mgongo wa gundi peke yake si dalili, maana vitabu halali vingi pia hubandikwa tu bila kushonwa. Dalili ni gundi nyembamba: kifungue katikati polepole, ukisikia mlio wa kukatika kama mwiko wa mbao kavu, kitakuwa majani matupu kabla ya mwezi kwisha. Na zaidi ya yote, mwandishi hapati hata senti.

Karatasi iliyolegea hurudishwa kwa gundi nyeupe ya maji, mstari wa milimita mbili hadi tatu tu kwenye ukingo wa ndani, kisha kitabu kifungwe na kuwekewa uzito usiku kucha. Gundi ikizidi itapenya na kuunganisha kurasa mbili. Utepe wa plastiki usiuguse. Baada ya miaka michache unageuka rangi ya kahawia, unaacha utomvu, na unachana karatasi ukiutoa. Kisumu kuna taabu ya ziada, unyevu wa ziwa. Kitabu chenye harufu ya ukungu kisianikwe juani, kwa sababu jua huigeuza karatasi kuwa ya manjano na kuipindisha. Kisimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimepanuka kama kipepeo, siku mbili au tatu, kisha kipanguse nje ya nyumba kwa brashi kavu. Nakuru ukungu si tatizo kubwa. Huko ni vumbi tu.

Sasa vitabu vyenyewe.

Ukiwa na nafasi ya kimoja tu mfukoni, chukua The River and the Source cha Margaret Ogola, kilichotoka 1994 na kushinda tuzo ya Commonwealth ya kitabu cha kwanza kwa upande wa Afrika. Ni cha Kiingereza, lakini Kiingereza chake kimepinda kwa methali na pumzi za Kijaluo kiasi kwamba msomaji wa Nyanza anakisikia kwa lugha mbili kwa pamoja. Hadithi inaanza kabla ya reli kufika ziwani. Reli ilifika Kisumu 1901, kwa hivyo unaweza kuhesabu mwenyewe. Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, anaolewa Sakwa kwa mahari ya ng'ombe thelathini, na baada ya kufiwa anapambana na shemeji aliyekalia kiti cha chifu kisicho chake. Safari yake ya kwenda Kisumu kupeleka malalamiko kwa serikali ya wakoloni ndiyo sehemu bora ya kitabu kizima. Mwandishi hapigi kelele juu ya haki za wanawake. Anamtembeza tu mama mzee njiani, na msomaji anajua kila hatua inamgharimu nini.

Nusu ya pili haina nguvu hiyo. Vitukuu wanapofika mjini, kila mmoja anapewa sura chache: huyu daktari, yule wa dini, yule anapotea, na kitabu kinaanza kuwafundisha badala ya kuwaacha waishi. Ogola alikuwa daktari wa watoto, na anapoandika juu ya ukimwi unamsikia daktari akiongea mbele na mtunzi akiwa nyuma yake. Kinachochanganya wengi ni majina, kwa kuwa vizazi ni vingi. Dawa yake ni kuchora ukoo kwa penseli ndani ya jalada la nyuma unavyosoma: Akoko juu, Nyabera chini yake, Awiti chini ya Nyabera, kisha watoto wa Awiti. Mistari minne tu. Bila mchoro huo, watu wengi hukiacha katikati wakidhani kosa ni lao.

Pamoja nacho, kama kipo, beba Coming to Birth cha Marjorie Oludhe Macgoye (1986). Mwandishi alizaliwa Uingereza, akaja Kenya 1954, akaolewa Nyanza, na akaandika kama mtu aliyekaa kimya muda mrefu akisikiliza. Paulina, mwenye miaka kumi na sita, anapanda treni kutoka Kisumu kwenda Nairobi kwa mumewe mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, na kitabu kinamfuata hadi 1978. Sentensi zake ni kavu na fupi, na hapo ndipo wengi hukosea: wanangoja mwandishi awaambie tukio fulani ni kubwa. Hawaambii. Mtoto anauawa kwa risasi Kisumu 1969 katika mistari isiyopandisha sauti hata kidogo, na msomaji asiyejua kwamba tarehe 25 Oktoba mwaka huo polisi waliufyatulia umati risasi mjini, wakati wa kufunguliwa kwa hospitali ambayo wenyeji wanaiita Russia mpaka leo, anaweza kupita bila kujua amepita wapi. Soma ukiwa na miaka hii kichwani: 1956 ya Hali ya Hatari, 1963 ya uhuru, 1969 ya risasi za Kisumu, 1975 ya kuuawa kwa J.M. Kariuki, 1978 ya kifo cha Kenyatta. Kitabu kimening'inizwa juu ya misumari hiyo mitano.

The Promised Land cha Grace Ogot, cha 1966, ni riwaya fupi ya kumaliza Jumamosi moja. Ochola na Nyapol wanahama Nyanza kwenda kutafuta shamba Tanganyika, wanastawi, jirani anaona wivu, na mume anapatwa na ugonjwa wa ngozi ambao hospitali haiuelewi. Mazungumzo yana ugumu wa kijana aliyevaa suti ya kuazima, lakini ule woga wa kustawi ugenini machoni pa jirani haujazeeka hata siku moja. Nakala nzuri ni haba; ukiikuta ina jalada, usibishane sana bei.

Kwa Kiswahili, anza na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha 1971. Kinatokea Ukerewe, kisiwa kilicho katika ziwa hilihili, upande wa Tanzania, na ndiyo maana msomaji wa Kisumu hahitaji kuelezwa mitumbwi, samaki wala baba mlevi anayerudi jioni. Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Kila kinachofuata kinatoka kwenye ile barua: msichana aliyefungiwa mno anapelekwa shule ya bweni, hajui kukataa wala kukubali. Kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuonekana kina uchafu, na ukikisoma leo utashangaa marufuku yenyewe ilihusu nini, maana uchafu wote umo kwa watu wazima wanaomzunguka Rosa. Udhaifu wake ni mwendo. Robo ya mwisho inakimbia, vifo vinafuatana, na mwandishi anaonekana ameshaamua hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Kiswahili chake ni chepesi, sentensi fupi, na ni chaguo zuri kwa mtu aliyeacha kusoma Kiswahili tangu shuleni.

Utengano cha Said Ahmed Mohamed (1980) ni kigumu zaidi na ni bora zaidi kwa lugha. Bwana Maksuudi anawafungia mke na binti ndani kwa jina la heshima huku yeye mwenyewe akizurura nje na kutafuta ukubwa wa siasa. Maimuna anatoroka, na dunia aliyokuwa akifichwa inamfundisha kwa fimbo. Msomaji wa bara hukwama kwenye msamiati wa Kizanzibari katika kurasa kama thelathini za mwanzo. Usisimame kila neno. Pigia mstari, endelea, na mwisho wa sura tafuta matatu tu yanayojirudia; mengine yatajieleza. Anayesimama kila neno hamalizi. Mpangilio wa matukio pia unaficha sababu kwa muda, na kisasi cha bibi mmoja, Bi Farashuu, kina mantiki, ila ukipewa mapema kinapoteza makali. Mwongozo hukitoa ukurasa wa pili.

Siku Njema cha Ken Walibora (1996) ndicho kitabu kinachopendwa kuliko vyote mezani, na mapenzi hayo yana haki kwa kiasi fulani. Walibora alitoka Bungoma, na anajua kumpeleka msomaji njiani: kijana Kongowea anaondoka Tanga baada ya kumpoteza mama yake, mwimbaji Zainabu Makame, na kumtafuta babake mpaka Kitale. Kiswahili chake kinanukia. Tatizo ni sadfa. Watu wanakutana kwa bahati mara nyingi mno, na ukikisoma ukiwa na miaka arobaini unaanza kuhesabu. Ukikisoma na miaka kumi na sita huoni hata moja. Mnunulie kijana.

Kidagaa Kimemwozea, cha Walibora huyohuyo (2012), kimezidiwa na majina yanayobeba maana: Amani, Imani, Majisifu, Mtemi Nasaba Bora. Mhusika akiitwa hivyo unajua atafanya nini kabla hajaketi. Lakini wazo la mwalimu anayeiba mswada wa kijana na kuuchapisha kwa jina lake ni kali, na jina la kitabu linawakaa vizuri zaidi watu wa ziwani kuliko wengine. Dagaa ndiyo omena. Anayejua omena iliyoanikwa kwenye nyavu ufuoni, mvua ikaja saa nane mchana kabla haijakauka, anajua kuoza kwake: inalegea, inageuka rangi ya njano, na kufikia kesho yake mnunuzi wake ni mwenye kiwanda cha chakula cha kuku. Hakuna mwongozo unaoeleza hilo.

Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell (1967), ni jepesi, la kusomeka kwa mchana mmoja, na watoto hulipenda kabla ya kujua ni siasa. Chukua bila kuwaza mara mbili.

Ushairi huuzwa rahisi kuliko kitu chochote mezani kwa sababu hakuna anayeuulizia. Hapo ndipo pa kutafuta Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla (1973). Mashairi haya yaliandikwa gerezani, kati ya 1969 na 1972, baada ya mwandishi kufungwa kwa kuandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, na yaliandikwa juu ya karatasi za chooni. Kitabu kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta 1974, zawadi yenye jina la rais aliyekuwa madarakani mwandishi alipofungwa. Kejeli hiyo ingemshinda hata mtunzi wa riwaya.

Wengi wa bara hukifunga baada ya shairi la kwanza wakidhani ni Kiarabu. Si Kiarabu, ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na ufunguo wake ni mdogo. Penye "t" jaribu "ch": mato ni macho, teka ni cheka. Penye "nd" jaribu "nj": ndia ni njia, ndaa ni njaa. Mabadiliko hayo mawili yanafungua sehemu kubwa ya kile kinachoonekana kigeni. La pili ni kusoma kwa sauti. Mshororo wa kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, umekatwa katikati 8 na 8, na kina cha kati kinaanguka pale kwenye mkato. Hesabu kwa vidole mara mbili au tatu mpaka sikio lishike, kisha acha kuhesabu. Maneno yaliyobanwa na alama ya ritifaa yamebanwa ili mizani isizidi. Yatamke kama yalivyoandikwa, usiyanyooshe, ukiyanyoosha mshororo unavunjika. Anza na "Mamba". Ni shairi la mnyama anayejiona hafi, na mtu anayeishi karibu na maji yenye mamba halisi hataona haja ya kuuliza mwandishi alimaanisha nani. Mashairi kadhaa ya kati yanarudia kilio kilekile, na ukiyasoma mfululizo yanachosha. Mawili kwa usiku yanatosha.

Kamusi ni jambo tofauti, kwa kuwa tarehe inaanza kuhesabika. Riwaya ya 1971 haijachacha. Kamusi ya 1981 imechacha kwa matumizi ya kila siku. Geuza ukurasa wa jina, soma nyuma yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mara ya kwanza 1981, ikarudiwa 2004 na 2013. Ile ya kwanza haiwezi kuwa na rununu wala tovuti, na bado inauzwa Nakuru na Kisumu kwa bei ileile ya toleo la 2004 kwa sababu jalada linafanana machoni pa asiyeangalia. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania (2015), ni pana zaidi, lakini ni nzito, na kwa mtumba uzito huo ni hasara: mgongo hupasuka kwanza katikati, kwenye K na M, ambako maneno ni mengi na vidole hupita zaidi. Hakikisha M yote ipo. Kamusi isiyo na M nzima ni tofali.

Jaribu kamusi kwa maneno ya eneo lako kabla ya kulipa. Tafuta sangara, kisha tafuta mbuta, samaki yuleyule. Tafuta dagaa, kisha omena. Kamusi nyingi zimetungwa kwa sikio la Dar es Salaam na Unguja, na hilo si kosa, ila ujue unanunua sikio la nani. Halafu angalia kama inaonyesha upatanisho baada ya nomino, kama [ki-/vi-] au [u-/i-]. Huo ndio msaada mkubwa kwa mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya shule, kuliko maana zenyewe, kwa sababu maana mtoto anaijua. Kinachomshinda ni kama aseme "gari hii" au "gari hili". Na anayetafuta "nyuso" akalikosa asiilaumu kamusi: neno liko chini ya uso, kama meno yalivyo chini ya jino, na "amepigiwa" iko chini ya piga.

Mwisho kuna vitabu vya kazi: afya, kilimo, ufundi. Hapa ukali wote uende kwenye tarehe, kwa kuwa kitabu kizuri cha zamani kinaweza kumdhuru mtu.

Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kitabu cha David Werner kilichoanzia kwenye vijiji vya milimani Mexico, ndicho kitabu cha afya kilichoandikwa kwa heshima kubwa zaidi kwa msomaji wa kawaida. Michoro inafundisha kuliko maneno. Hakimwambii mama "nenda hospitali" na kumwacha hapo; kinamwambia aangalie nini njiani, na dalili gani zisingoje asubuhi. Faharasa ya nyuma ndiyo mlango wake, usianze ukurasa wa kwanza. Sehemu za usafi, uuguzi, kuhara na kubeba mgonjwa zinafaa mpaka leo.

Maji ya chumvi na sukari, kwa mfano, hayajabadilika sana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kinachoharibika ni vipimo. Kijiko kinachokusudiwa ni cha mililita tano, na vijiko vya hotelini hutofautiana. Kijiko kikijazwa mlima badala ya kusawazishwa kwa kisu, chumvi inaweza kukaribia mara mbili, na chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto kuliko kuikosa. Lita pia isikisiwe kwa jagi. Chupa mbili za soda za mililita 500 zinatosha kupima. Onja kabla ya kumpa: yasizidi machozi kwa chumvi. Kipimo hicho cha machozi kimo kitabuni, na ni mfano wa kwa nini kitabu hiki kinapendwa. Ila pakiti ya ORS ya kituo cha afya, yenye chumvi na sukari zilizopimwa tayari, ni salama zaidi ikiwa ipo, na matoleo ya zamani hayana zinki, ambayo WHO na UNICEF walianza kuipendekeza 2004 pamoja na ORS, wakati huo ikiwa miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyezidi miezi sita, 10 kwa aliye chini yake, kwa siku 10 hadi 14.

Ubaya uko kwenye kurasa za dawa, zile ambazo toleo la Kiingereza limezichapa kwa kijani. Matoleo ya zamani yanatibu malaria kwa klorokwini. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza 1998, ikahamia SP, dawa ya aina ya Fansidar, kisha 2004 ikaamua kwenda kwa mseto wa artemeta na lumefantrini, dozi sita kwa siku tatu kulingana na uzito, baada ya kupimwa damu. Kandokando ya ziwa, ambako malaria ni ya mwaka mzima, mtu anayefuata ukurasa ule anamtibu mtoto kwa dawa ambayo vimelea vimeshaizoea. Nakala za kabla ya marekebisho ya miaka ya tisini zina pengo kubwa zaidi kwenye ukimwi. Na bandia za fotokopi hupoteza rangi ya kurasa, kwa hivyo huwezi hata kujua umefika kwenye dawa.

Vitabu vya kilimo cha mahindi vina hadithi ileile. Vya kabla ya 2011 havijui MLN, ugonjwa wa virusi unaoua mahindi, ulioonekana kwanza Bomet mwaka huo, na vya kabla ya 2017 havijui viwavijeshi vamizi, vilivyoshuka magharibi kwanza. Vingi vinasisitiza mbolea ya DAP msimu baada ya msimu, ushauri uliochangia kuongeza asidi katika udongo wa magharibi ambao tayari ulikuwa nayo. Leo ungeambiwa upime udongo kwanza, na pH, kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 5.5 ufikirie chokaa. Sura za kupiga mistari ya kontua, kupalilia na kukausha mahindi kabla ya kuhifadhi bado ni nzuri. Lipia hizo tu.

Ukiikuta Mahali Pasipo na Daktari ya zamani ambayo mtu amezichana kurasa za dawa zote, muuzaji ataomba radhi na kukupunguzia bei. Pokea punguzo, chukua kitabu. Hiyo ndiyo nakala salama kuliko zote mezani.